Mbunifu aliyekuja na gambuti: maoni ya fundi kuhusu ramani ya nyumba ya mteremkoni Tukuyu

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaeleza huko chini ilikopotelea.

Mimi ni fundi mwashi. Nimejenga Rungwe, Busokelo na Mbeya mjini, na nikisoma watu wakisifia au kuponda wabunifu majengo, karibu kila mara anayeandika ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba anahukumu vigae na rangi. Mimi ramani naipokea ikiwa bado karatasi, naikunjua juu ya rundo la mchanga, na msingi ukishafika nusu naujua mstari uliochorwa na mtu aliyefikiri na mstari uliochorwa kujaza nafasi. Kwa hiyo leo pokeeni maoni ya upande wa mwiko.

Huduma ninayoizungumzia ni ya mbunifu majengo mmoja, dada kijana mwenye ofisi Mbeya, aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Jina simtaji, hajanituma nimtangaze. Mteja ni mwalimu mstaafu, anaishi na mkewe na mama yake mzazi. Kiwanja chao kiko pembeni kidogo ya Tukuyu mjini, upande wa chini wa barabara ya vumbi, kinashuka kuelekea kusini. Anayeijua Tukuyu ameshaelewa. Mlima Rungwe uko mgongoni kwako, kaskazini. Mbele ardhi inateremka mpaka Kyela, na siku hewa ikitakata unaliona Ziwa Nyasa kwa mbali.

Kabla ya yote mjue tunajenga wapi. Tukuyu iko mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari na mvua yake inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Nenda Usangu, mkoa huohuo, hupati hata nusu ya hiyo. Sababu iko mbele ya macho: upepo unatoka kusini-mashariki, unapita juu ya ziwa ukibeba unyevu, milima ya Livingstone inaubana upande wa mashariki, halafu unapanda mteremko wetu. Ukipanda unapoa, ukipoa unamwaga. Mwezi wa saba, wenzetu wa Mbeya mjini wanapokula vumbi, huku bado kuna manyunyu na ukungu. Kwa hiyo mvua yetu haidondoki tu, inakuja kwa ubavu, na ubavu wenyewe unajulikana ni upi.

Sasa Mwalimu alikuwa tayari na ramani. Kijana wake wa Dar alimtumia kwenye simu, ya kununua mtandaoni kwa laki mbili: vyumba vinne, paa la kuficha, vioo kutoka sakafuni hadi juu, picha ina nyasi za kijani na gari la kifahari limeegeshwa mlangoni. Nyumba nzuri, sikatai. Aliponionyesha nikamuuliza, "Mwalimu, hili paa maji yanatokea wapi?" Akaitazama picha, akaniambia nimuulize kijana.

Kwa wasiofahamu, paa la kuficha ni bati lenye mlalo mdogo, limezungushiwa ukuta juu ili lisionekane. Maji yote yanaingia kwenye mfereji wa ndani na kutoka kwa bomba moja au mawili. Dodoma sawa. Tukuyu, majani ya mparachichi yakiziba lile bomba usiku wa Aprili, mfereji unajaa, na maji yakikosa njia ya nje yanatafuta ya ndani, kupitia dari. Nimeshajenga moja ya aina hiyo, sisemi kwa nani wala wapi. Ilivuja msimu wa kwanza, na aliyelaumiwa ni mimi. Aliyechora alikuwa ameshakula hela yake, hajui hata Rungwe iko upande gani wa nchi. Aliuza ramani ileile kwa mtu wa Kigamboni na mtu wa Makete, na Makete maji huganda nje usiku wa mwezi wa sita.

Na vile vioo virefu! Pwani dirisha kubwa ni la kuingiza upepo. Huku ukikaribisha upepo wa kusini-mashariki sebuleni unalala na koti.

Basi shemeji yake Mwalimu, anayefanya kazi halmashauri, akamwambia kibali cha ujenzi kinataka michoro ya mtu anayetambulika, na akamwelekeza kwa huyu dada. Bei: milioni moja na nusu, michoro yote ya kibali ndani yake, pamoja na kufika saiti mara tatu. Mwalimu alitaka kuzimia. Mimi mwenyewe niliguna. Laki mbili na milioni moja na nusu haviko kijiji kimoja.

Alikuja mwezi wa nne. Hilo ndilo jambo la kwanza lililonifanya nimwangalie mara mbili, maana wabunifu ninaowajua huja mwezi wa tisa, barabara ikiwa kavu na kiwanja kinapendeza. Huyu aliuliza kabisa kwenye simu, "Mvua imeshika?" Akaambiwa imeshika, akasema basi nakuja Alhamisi. Akashuka kwenye Noah na gambuti miguuni na mwavuli ambao hakuufungua. "Shikamoo fundi." Marahaba. Hakutoa kompyuta. Akasimama juu kabisa ya kiwanja, pale maji ya barabarani yanapoingia, akayafuata kwa miguu mpaka chini kwenye migomba, akageuka, akapanda tena kwa njia nyingine.

Halafu akaenda kwa majirani. Nilidhani anaenda kuomba maji ya kunywa. Kumbe anazunguka nyumba zao anashika kuta. Ukuta wa kusini na wa mashariki una kuvu ya kijani mpaka usawa wa kiuno, ukuta wa kaskazini mkavu, rangi bado ipo. Akapiga picha. Akamuuliza mama mmoja chumba kipi watoto wanakikimbia mwezi wa sita, mama akamwonyesha cha pembeni kule chini bila kufikiri. Kazi kama hiyo haina kifaa maalumu na haikuchukua muda, lakini sijawahi kumwona mtu wa michoro akiifanya.

Tulipima mteremko kwa mpira wa maji, mimi nimeshika upande mmoja na kijana wangu mwingine. Kwenye mita nane kutoka juu kwenda chini, ardhi inashuka mita 1.2. Hapo ndipo maamuzi yote ya nyumba yalipotoka.

Mazoea yetu, na mimi nimo, ni kukata kilima. Unachimba juu, unajaza chini, unapata uwanja bapa, unaweka ile ramani ya bapa. Tatizo ni ule udongo uliojazwa. Udongo wetu ni wa volkano, mwepesi, ukiumwaga unakaa kama unga, na hata ukiushindilia unaendelea kushuka msimu baada ya msimu. Nusu ya nyumba imekaa kwenye ardhi iliyolala miaka na miaka, nusu imekaa juu ya kifusi cha mwaka huu. Ufa utatokea katikati, mnajua, ule unaoanzia kona ya dirisha. Tena sisi tuko kwenye Bonde la Ufa, ardhi yenyewe hutikisika mara kwa mara bila kusaidiwa.

Yeye aliilaza nyumba kwa urefu, mita 16 kufuata ubavu wa kilima kutoka mashariki hadi magharibi, upana mita nane tu kuelekea mteremkoni. Kisha akaigawa sakafu safu mbili. Safu ya juu ina jiko, sebule na chumba. Unashuka ngazi tatu, sentimita 51 kwa jumla, unafika safu ya chini yenye vyumba vya watoto na wageni, bafu na stoo. Kwa sakafu moja bapa, ukuta wa msingi upande wa chini ungesimama mita moja na nusu kutoka ardhini. Kwa kuishusha, ukawa kama mita moja. Theluthi ya mawe imebaki machimboni, na greda hatukulikodi kabisa. Msingi wenyewe nao tuliuchimba kwa ngazi, kila ngazi bapa, zege la juu linalalia la chini. Ni kazi ya kusumbua, vijana walilalamika, lakini hakuna hata ndoo moja ya kifusi iliyobeba ukuta.

Jambo ambalo watu wa saiti bado wanalizungumza ni bati.

Tulipofika kwenye kenchi nikaona mchoro una vipimo viwili. Upande wa kusini bati litoke sentimita 120 nje ya ukuta, upande wa kaskazini sentimita 60. Sisi tunaweka 90 pande zote, ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo kenchi zinavyokatwa huku. Nikampigia. Akaniuliza, "Fundi, mwezi wa sita saa sita mchana jua linakuwa wapi kwenu?" Nikamwambia juu. Akasema, "Juu upande gani?"

Tuko nyuzi tisa na kidogo kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua linapita kaskazini yetu, na saa sita mchana linasimama kwenye nyuzi 57 hivi kutoka usawa wa ardhi. Ukiwa na dirisha linaloanzia sentimita 90 kutoka sakafuni, na ukingo wa bati uko mita 2.4, bati la sentimita 90 linatupa kivuli mpaka karibu na kingo ya chini ya dirisha. Yaani msimu wa baridi kuliko yote umelifungia jua nje. Bati la 60 linaacha nusu ya chini ya dirisha wazi. Niliyafanya haya kwa kamba na pima maji saiti, sikumwamini kwa simu, na namba zilikaa. Mwaka huu mwezi wa sita nilipita kwa Mwalimu kudai hela yangu. Saa sita jua lilikuwa limeingia ndani ya sebule kama sentimita 70 kwenye sakafu, na asubuhi, mama mwenye nyumba ananiambia, linafika mpaka kwenye kochi. Upande wa kusini ile sentimita 120 imefanya kazi yake, ukuta hauna kuvu. Chini yake aliacha mawe meusi wazi mpaka sentimita 60 juu ya ardhi kabla ya tofali la kwanza kuanza, kwa sababu tone likidondoka kutoka kwenye bati linaruka, na linaporuka linalowesha tofali za kuchoma, na tofali zetu zikichomwa vibaya zinakunywa maji hatari. Nailoni ya kuzuia unyevu tukaiweka juu ya mawe, si chini yake.

Ugomvi mkubwa lakini ulikuwa wa mandhari. Mwalimu amefundisha maisha yake yote akiota sebule inayotazama Kyela. Mbunifu akaipeleka sebule kaskazini, itazame barabara na Mlima Rungwe. Mwalimu akakunja uso. Kikao kilifanyika chini ya mti wake wa parachichi na mimi nilikuwepo, nimekaa juu ya debe.

Dada akamwambia, "Mwalimu, upande ule unaoupenda ndiko mvua inakotoka. Nikikuwekea kioo kikubwa huko, miezi mingi utatazama ukungu na utakuwa unapangusa maji dirishani." Mwalimu akasema yeye atavumilia. Mama mwenye nyumba akasema yeye hatavumilia. Hapo dada akatoa simu, akamwonyesha nyumba moja ya Marekani inaitwa Fallingwater, iko Pennsylvania, aliichora Frank Lloyd Wright miaka ya 1930. Wenyewe walitegemea nyumba ya kutazama maporomoko ya maji yao. Yeye akawajengea juu ya maporomoko yenyewe. Maji wanayasikia nyumba nzima, kuyaona mpaka watoke. Mwalimu akaitazama sana ile picha. Mimi nikauliza swali la fundi: yale mabaraza ya zege yanayoning'inia hewani hayajashuka? Akacheka, akakiri yalishuka, ikabidi yakazwe kwa nyaya za chuma, kazi iliyomalizika 2002. Na kuvuja? Imevuja miaka na miaka. Nikamwambia basi huyo mzee tusimwige sana.

Mwisho wake walikubaliana kibaraza. Kiko kona ya kusini-magharibi, ukuta wa stoo umekikinga na upepo, kina nafasi ya viti viwili na meza ya chai. Kyela yote iko mbele. Mvua ikija, unaondoka na kikombe chako unaingia ndani, kibaraza kinabaki na shida zake. Jiko limewekwa mwisho wa magharibi, na kwa vile upepo wetu unatoka kusini-mashariki, moshi wa kuni unaondoka bila kupita kwenye vyumba. Wengi huku tunajenga jiko kokote tu kisha tunashangaa mashuka yananuka moshi.

Nimkubali kwa jingine. Mwalimu, baada ya Fallingwater, akawa mwanafunzi mwenye bidii kupita kiasi, akaanza kutafuta mwenyewe kwenye simu. Akaja na shule ya Gando ya Burkina Faso, ya Francis Kéré, yule mbunifu aliyepewa 2022 tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya wabunifu majengo. Bati limeinuliwa juu sana ya dari ya matofali, hewa ya moto inatoka katikati. Akataka hivyohivyo. Mbunifu mwingine angesema sawa bosi, apate picha nzuri ya kuweka mtandaoni. Huyu akamweleza kwamba Gando tatizo ni joto, bati limeinuliwa ili joto litoroke, na wewe Mwalimu joto lako unalitafuta kwa mkaa. Badala yake dari ya vyumba vya chini ikashushwa, kwa sababu sakafu imeshuka na ukuta umekuwa mrefu, na chumba kirefu huku ni chumba cha baridi. Mbao za dari ni paini za Mufindi.

Maji. Bati likishapanuliwa hivyo, paa lote linakinga eneo la mita za mraba 170 hivi. Hesabu yake haihitaji chuo: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 50 usiku mmoja, na sisi tunazipata, ni lita 8,500. Tangi la Mwalimu ni la lita 5,000. Zile 3,500 zinaenda wapi? Kwa kawaida zinaenda kwa jirani wa chini, na ndiyo maana majirani wa mteremkoni hawasalimiani. Mchoro wake ulikuwa na bomba la ziada kutoka kwenye tangi mpaka shimo lililojazwa mawe katikati ya migomba. Huko juu, kabla maji ya barabara hayajafika kwenye nyumba, tulichimba mtaro wa upinde unaoyakatiza na kuyapeleka pembeni pande zote mbili. Migomba ya upande wa chini alikataza isiguswe hata shina moja. Vijana wangu walikuwa wameshaanza kuisafisha ili tushushe tofali, wakapigiwa kelele mpaka Mwalimu akatoka ndani. Ile ndiyo inayoushika udongo, na inakunywa yale maji ya ziada.

Sasa nyota iliyopotea.

Mama yake Mwalimu ni bibi wa umri, magoti yamechoka. Mbunifu huyu, aliyeshika kuta za majirani, aliyeuliza upepo, aliyeuliza jua, alimpangia bibi chumba cha chini. Chini ya zile ngazi tatu. Mimi ndiye niliyeuliza, msingi ukiwa umeshatoka ardhini: huyu bibi usiku akitaka kwenda sebuleni kuota moto, nani anambeba? Kimya. Mwalimu na mkewe ikabidi wahamie chini, bibi apewe chumba cha juu. Lakini bafu liko chini. Ikabidi tumege kipande cha chumba tuweke choo kidogo juu, mabomba mengine, shimo la ukaguzi lingine, hela nyingine. Dada alirekebisha michoro bila kudai nyongeza na aliomba radhi mbele ya bibi kwa magoti, kama inavyotakiwa. Ila mawe tuliyoyavunja hakuyalipia. Mteremko aliusoma mpaka mwisho, bibi aliyekuwa amekaa mlangoni anamenya maharage siku ile ya kwanza hakumsoma.

Madogo mengine. Gata alizoandika, zile pana, Tukuyu hazipo. Zilifuatwa Mbeya, kilomita 70 hivi, juu ya basi, na moja ilifika imepinda. Madirisha ya kaskazini ameyapa vipimo vya kwake mwenyewe, seremala akatoza zaidi kwa kila fremu. Maandishi ya michoro ni madogo mno, na saiti hakuna taa ya mezani. Simu zake hupokewa jioni, wakati zege linasubiri asubuhi. Na ile dari ya mianzi aliyoiweka kwenye kibaraza, anasema ni kuwakumbuka wazee waliojenga nyumba za mianzi na udongo huku Unyakyusa. Nia njema. Aliagiza mianzi ilowekwe kwanza kwenye maji ili kupunguza ule utamu wake unaowavutia dumuzi, na tuliiloweka. Mimi bado nawasikiliza dumuzi kila nikipita.

Kwenye hela, mtu mwenye busara ataniuliza kama ile milioni moja na nusu ilirudi. Greda halikuja. Mawe ya theluthi ya ukuta wa chini hayakununuliwa, na wala ukuta wa kuzuia kilima kule nyuma, ambao kwa ile ramani ya simu ningeuhitaji, na ukuta kama huo peke yake unakula nondo na saruji kuliko ada yake. Toa choo cha bibi, toa madirisha, toa nauli ya gata. Bado naona Mwalimu yuko juu. Na kuni za kuota moto ametumia kidogo, hilo nimeambiwa na mama mwenye nyumba, ambaye ndiye anayezinunua.

Ukitaka kumtumia mtu wa aina hii, awe yeye au mwenzake, mlipe nauli aje wakati wa mvua, na siku hiyo wote watakaolala kwenye nyumba wawepo, wazee kwa watoto, watembee mbele yake. Uliza namba ya usajili wake. Fundi naye awepo, hata kama hujamlipa bado.

Jirani wa ng'ambo ya barabara ameiona nyumba, ameipenda, na ameniletea shilingi elfu hamsini nimtolee kopi ya ramani ya Mwalimu. Kiwanja chake kinatazama upande mwingine kabisa. Kinashuka kuelekea kaskazini na barabara iko kwake upande wa kusini. Nimemwonyesha kwenye karatasi kwamba mlango wake wa mbele utatokea mvua inakotoka na kibaraza kitatazama ukuta wa kanisa. Akasema tuigeuze tu karatasi. Nimemwambia atoe nauli ya dada kutoka Mbeya, na sasa hivi anafikiria.